Samaki Waliorudishwa Bwawani

Wiki iliyopita nilikuwa saluni moja ya Kileleshwa, nimenyoosha vidole mbele ya msichana mwenye subira kuliko mimi, machozi yakaanza kunitoka bila taarifa. Alikuwa amefungua chupa ya rangi nyekundu, na ile harufu yake kali ikanipanda puani. Akaacha kazi, akaniangalia kwa hofu. "Madam, nimekukata?" Nikamwambia hapana, ni mambo ya samaki. Akageuka kutazama mlangoni kama kuna mtu ameingia na chakula. Sikuwa na nguvu za kumweleza, nikamwambia aendelee tu.

Wengine wakisikia harufu ya rangi ya kucha hukumbuka harusi, au shangazi fulani wa madaha mengi. Mimi hukumbuka bwawa. Hukumbuka ukungu wa asubuhi, maua ya kahawa, na mwanaume mrefu aliyepiga magoti kwenye tope akimwachilia samaki majini polepole, kama anayemlaza mtoto mchanga.

Tulikuwa tukiishi Kabiria, mtaa wa pembezoni mwa jiji, mama na mimi, katika nyumba ya vyumba viwili yenye paa la mabati, ndani ya ploti ya wapangaji wengi. Ninyi wa rika langu mliokulia pande zile mnalijua tope la wakati huo, jekundu na zito, lililokuwa likinyonya kiatu mpaka unarudi nyumbani na kimoja. Mama alikuwa akitoka asubuhi na mabuti ya mpira, viatu vya ofisini ndani ya mfuko, akabadilisha akifika kwenye lami. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali huko mjini, upande wa kuajiri watu. Baba alifariki kabla sijapata akili ya kumkumbuka. Nilimjua kwa picha moja ya ukutani, amevaa koti lililompwaya, na kwa jinsi mama alivyoipangusa picha hiyo kila Jumamosi bila kusema neno. Sisi asili yetu ni Machakos, na nyumbani kwetu samaki hakupikwa. Hakukatazwa na mtu, ila hakuna aliyekuwa na habari naye.

Kisha akaja Anko Wekesa. Alikuwa fundi wa mashine katika duka la kuchapisha kadi na vitabu vya risiti kule River Road, na alijuana na mama wakati kwaya ya kanisani kwa mama ilipopeleka kadi za mchango zichapishwe. Alikuwa mtu wa magharibi, mrefu, mpole, na kucha zake zilikuwa na wino wa bluu ambao hakuna sabuni iliyouweza. Akija kwetu alikaa kiti cha karibu na mlango, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akasikiliza mama akiongea. Nilimpenda kiasi. Hakuwa na ile tabia ya wageni ya kunishika kichwa na kuniuliza niko nambari ngapi darasani.

Jioni moja mama alikuwa akinisuka, kichwa changu katikati ya magoti yake, akasema, "Mwende, yule Anko ameniuliza kitu."

"Kitu gani?"

"Anataka tuoane. Nimemwambia hapa tuko wawili. Ukikataa, tumekataa. Na sitakasirika, usiogope."

Nilitaka kugeuka nimwone uso lakini alikuwa ameshika nywele. Akaendelea kunieleza, kwa sauti yake ya ofisini, kwamba kazini kwao mtu mpya hathibitishwi siku anayofika. Anawekwa kwenye majaribio kwanza, na kuna mtu anayemwangalia anavyofanya kazi. Baada ya Pasaka mjomba Mutua, kaka yake mkubwa, angekuja kutoka Machakos kuwasikiliza wageni. Kabla ya hapo nilipaswa kuwa nimeamua. "Wewe ndiye msimamizi wake," akasema, akacheka kidogo, akavuta msuko mpaka macho yakanitoka.

Yeye alicheka, lakini mimi sikulichukua kwa mzaha. Nilikuwa darasa la nne. Nililala usiku huo nikijua kwamba maisha ya mama yangu yamewekwa mikononi mwangu, na kwamba nikikosea hakuna atakayenikaripia, jambo ambalo lilinitisha kuliko fimbo yoyote. Nimewahi kumwambia mama, nikiwa mtu mzima, kwamba ule ulikuwa mzigo mkubwa kwa mtoto. Akanishangaa. Kwake yeye ilikuwa heshima, maana yeye mwenyewe alipoolewa na baba hakuna aliyemuuliza chochote.

Ili nimchunguze vizuri, mama alipanga niwe nikiandamana naye Jumamosi asubuhi huko anakokwenda. Alisema mtu hujulikana akiwa kwenye mambo yake, si akiwa amekaa kwa watu amevaa shati la kupiga pasi. Na mambo ya Anko Wekesa yalikuwa kuvua samaki.

Alikuwa na ruhusa ya kuvua katika bwawa la shamba moja la zamani la kahawa, mbele kabisa ukishapita Dagoretti. Tulikwenda na pikipiki ya kazini kwao, ile ya kupelekea wateja mizigo ya karatasi, mimi nimevaa helmeti kubwa iliyonigeuza kichwa kila akikata kona. Mvua za kwanza za masika zilikuwa ndio zimeanza kudondoka, na wale waliowahi kuishi karibu na kahawa wanajua kinachotokea: miti inayotoka kwenye kiangazi imekauka na kununa inapata mvua moja tu, na baada ya siku chache shamba zima limekuwa jeupe kwa maua, hewa imekuwa tamu mpaka unahisi kuimeza. Bwawa lilikuwa chini ya shamba, maji ya kahawia karibu na ukingo na meusi katikati, matete upande mmoja. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji.

Nilidhani atachimba minyoo. Badala yake alifungua kopo la biskuti, na ndani mlikuwa na samaki wadogo wa chuma na wa mbao, wamepakwa rangi, wana macho na ndoana tumboni. Wengine walikuwa vijiko vya chai vilivyokatwa mpini.

"Anko, hizi si ni toys?"

"Ni chambo. Samaki wa hapa hataki minyoo sana. Yeye anakula samaki wenzake."

"Lakini hii si samaki."

"Yeye hajui."

"Kwa hivyo unamdanganya."

Alinitazama kidogo. "Eh," akasema. "Namdanganya."

Nilihifadhi jibu hilo. Msimamizi lazima ahifadhi.

Samaki wenyewe aliwaita besi, kama walivyoitwa kule Naivasha alikofanya kibarua ujanani na kufundishwa uvuvi huu. Ni samaki wa kijani iliyokolea, mdomo mpana sana, aliyeletwa na walowezi wa zamani na kutiwa kwenye mabwawa ya mashamba. Anko Wekesa alifunga kijiko kwenye mshipi wa ufito wake, akakirusha mbali, kikaanguka kando ya matete bila kelele, akakiacha kizame kidogo, kisha akaanza kukivuta kwa vipande: anavuta, anaacha, anavuta, anaacha. Kijiko kilitembea ndani ya maji kama samaki mgonjwa asiyejua anakokwenda. Alivyokuwa akifanya hivyo uso wake ulibadilika, ukatulia mpaka nikaona aibu kumwangalia. Nilikaa juu ya mfuko wa mbolea uliokunjwa nikala mkate na kusikiliza ndege. Nikiwa mkweli, niliburudika.

Ufito ulipopinda nilipiga kelele mpaka mlinzi wa shamba akatoka kibandani. Samaki aliruka juu ya maji mara moja, akatikisa kichwa kwa hasira, akazama, na Anko akamvuta kwa upole bila haraka hadi ukingoni. Alikuwa na urefu wa mkono wangu. Nilimgusa. Alikuwa baridi na mgumu, na jicho lake halikunitazama. Nilikuwa tayari nimeshaona moyoni jinsi tutakavyoingia plotini naye, watoto wote nyuma yetu.

Anko Wekesa aliitoa ndoana kwa vidole viwili, akapiga magoti topeni, akamtia samaki majini. Akamshika hapo kidogo mpaka akapata nguvu. Kisha akafungua mkono.

"Ametoroka!" nikasema.

"Hapana. Nimemrudisha."

"Kwa nini?"

"Si wakati wake," akasema, akaosha mikono, na kuchukua ufito tena.

Siku hiyo alishika watatu. Wote aliwarudisha.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi Mama Achieng, mwanamke mnene mcheshi kutoka kando ya ziwa, aliyekaanga samaki jioni mbele ya ploti na kuwauzia watu wa mtaa mzima. Ndiye wa kwanza kuniuliza tumeleta nini. Nikamweleza. Aliweka chini kijiko chake cha kukaangia, akashika kiuno.

"Anarudisha? Anarudisha wapi?"

"Kwa maji."

"Woi! Mama Mwende! Kuja usikie maajabu! Huyu mtu wako anashika samaki, anamwangalia, anarudisha kwa maji! Na bado anamaliza mafuta ya pikipiki kwenda huko!"

Mama akatoka akicheka, mikono ina unga. "Ndiyo raha yake, Mama Achieng. Mwache."

"Raha gani? Kwetu samaki akishatoka kwa maji hana njia ya kurudi, ni sufuria tu. Sikia nikuambie, mwanaume mwenye anarudisha samaki, huyo ako na supper mahali ingine. Chunga sana!"

Wakacheka wote wawili, mama mpaka akajifuta macho kwa mkono wa unga. Mimi sikucheka. Mama Achieng alikuwa ndiye mtu pekee niliyemfahamu ambaye alijua kila kitu kuhusu samaki. Ikiwa yeye alisema mtu wa namna hiyo ana chakula kwingine, basi ana chakula kwingine, na chakula hakijipiki.

Jumamosi zilizofuata nilimwangalia kwa makini zaidi. Niligundua kwamba kabla ya kurusha chambo alichukua koleo na kubana kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki kuchomoka. Alikibana hadi kikalala bapa kabisa. Nilimuuliza sababu, akasema ni ili itoke bila kumuumiza. Nikaona picha nzima. Huyu alikuwa mtu anayeshika kwa ndoana ambayo tayari ameitengeneza iachilie. Alipenda kuvuta, alipenda yule samaki aruke, kisha alimwacha aende zake akatafuta mwingine. Nikamwona mama kwenye ile ndoana bapa, na gauni lake la kwaya.

Kisha ikaja siku ya mkoba. Mvua ilitukamata tukirudi, naye akaacha mkoba wake kwetu ili usilowe akirudisha pikipiki mjini. Mama alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya. Nilijua mfuko wa mbele ndimo hukaa biskuti, nikaingiza mkono, na badala ya biskuti nikatoa chupa ndogo ya kioo. Kisha ya pili na ya tatu. Nyekundu, ya fedha, na moja ya kijani inayometameta. Rangi ya kucha. Nilifungua ile nyekundu, na harufu ikajaa chumba kizima.

Mama yangu hakupaka kucha. Kanisani kwetu kina mama wa kwaya hawakupaka kitu chochote isipokuwa mafuta ya kujipaka mwilini. Kwa hivyo chupa zile zilikuwa za mwanamke mwingine, na nilimwona mara moja, wazi kabisa, kuliko ninavyomwona baadhi ya jamaa zangu leo. Aliishi Kileleshwa, kwenye gorofa, kwa sababu mwanamke wa kucha za kijani hangeweza kuishi penye tope. Alikuwa mwembamba. Alikuwa na makochi. Na hapo ndipo hata suala la samaki lilipoeleweka: hakutaka kuwaparura, wangemharibia kucha, ndiyo maana Anko aliwarudisha. Nilijisikia mwerevu sana kwa muda mfupi, kisha nikajisikia vibaya.

Nilirudisha chupa zote mahali pake. Nilipanga kumwambia mama akirudi. Lakini aliingia ameloa, mwavuli umepinduka, na alikuwa akiimba. Si wimbo wa kwaya, wimbo tu wa redioni, tena bila kujua maneno yake vizuri. Sikuwahi kumsikia akiimba ndani ya nyumba yetu kwa sababu tu ameingia ndani ya nyumba. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, na sikuwa nimekula.

Ilibaki Jumamosi moja kabla mjomba hajaja. Asubuhi hiyo niliketi juu ya mfuko wangu wa mbolea na sikugusa mkate. Maua ya kahawa yalikuwa yameshanyauka na kugeuka kahawia, mvua ya usiku imejaza bwawa. Anko Wekesa alifungua kopo lake akatoa kijiko, akakitazama, akaona rangi imebanduka pembeni. Kabla hajakirudisha nikasema kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya ofisini.

"Anko, yule mama mwenye rangi za kucha anaitwa nani?"

"Mama gani?"

"Wa Kileleshwa."

Hapo alichanganyikiwa kabisa. Nikamwambia nimeona chupa, zote tatu, na kwamba mama hapaki kucha, na kwamba ninajua yuko na supper mahali kwingine. Alianza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, kisha akaniona uso na kicheko kikafa. Aliweka ufito chini, akaja akaketi nyasini mbele yangu, suruali ikalowa, hakujali. Akautoa mkoba. Akaweka kile kijiko kilichobanduka juu ya goti, akafungua chupa nyekundu, akatoa kile kijibrashi chake kidogo, na kwa mkono ule mkubwa wa wino akachora mstari chini ya tumbo la kijiko. Kisha akapuliza.

"Rangi ya hardware ikikaa kwa maji inatoka," akasema. "Hii inashika. Naipata pale River Road kwa mama mmoja wa kibanda. Kila nikienda ananiuliza, 'Leo tena bibi amekutuma?' Mimi nasema ndiyo, kwa sababu naona haya."

"Kwa hivyo ni zako?"

"Ni zangu."

Nilichukua kijiko nikakinusa. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikufika chini, kwa sababu nyuma ya yule mwanamke wa Kileleshwa kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwa amelianzisha yeye.

"Na samaki? Mbona unawarudisha?"

Alisimama akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, tukatembea ukingoni hadi mahali ambapo maji yalikuwa ya kina kifupi na mchanga unaonekana. Akaniambia nisimame kivuli changu kiwe nyuma yangu, nisisogee. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona kitu kama vumbi jeusi ndani ya maji, kinasogea na kurudi, na kila chembe ya vumbi lile ilikuwa na mkia. Walikuwa vifaranga vya samaki, wengi wasio na idadi, wadogo kuliko punje ya mchele. Na chini yao, ametulia kabisa, mapezi tu ndiyo yakipepea, besi mmoja mweusi mweusi, mapezi ya mkia yamechanika chanika.

"Huyo ni mama yao?"

"Baba yao. Mama huweka mayai akaenda zake. Huyu ndiye anabaki. Halali, hali vizuri, anafukuza kila kitu. Wakati huu wa mvua ya kwanza akiuma chambo si njaa, anadhani ni adui. Ukimpeleka nyumbani, wale wote wataliwa leo leo. Kwa hivyo namrudisha haraka, na hapo mahali sirudi tena."

Tulimwangalia. Samaki mwingine mdogo alijaribu kukaribia kutoka upande wa matete, na yule mweusi akamrukia kwa kasi iliyotikisa maji, kisha akarudi pale pale alipokuwa. Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nakumbuka miguu imekuwa baridi ndani ya mabuti na sitaki kuondoka.

Kisha nikauliza lile swali lenyewe, lile ambalo nadhani nilikuwa nalo tangu jioni ya kusukwa. Sikumtazama nilipouliza.

"Na sisi ukituchoka, utaturudisha wapi?"

Nilisikia akivuta pumzi kuanza kusema, akaacha. Mwishowe akasema, "Mwende, hilo swali uniulize mbele ya mjomba wako. Nikikujibu hapa, tumesikia mimi na wewe na samaki. Uniulize watu wakiwa wamekaa, nisipate mahali pa kugeukia."

Mjomba Mutua alikuja Jumamosi iliyofuata, amevaa suti ya kahawia na kofia, mtu wa maneno machache aliyekuwa akiniogopesha kwa ndevu tu. Anko Wekesa alikuja na kaka yake mkubwa. Mama Achieng alikaanga, safari hii kuku, kwa sababu alijua mjomba hali samaki. Chumba chetu kilijaa magoti ya wanaume. Kama ilivyo desturi, mama alikuwa jikoni nyuma ya pazia, maana mazungumzo ya namna hiyo huongelewa juu ya mwanamke na si naye. Walizungumza habari za safari, za mvua, za mbuzi ambao wangepelekwa Machakos ili jambo litambulike. Nilipoingia na maji ya kunawa mjomba alinionyesha mlango kwa kidevu, niende nikacheze.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. "Kaka, Mwende ana neno. Tafadhali asikizwe."

Mjomba alishtuka. Alilitazama pazia, akanitazama mimi na birika langu. "Haya," akasema.

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi, lakini yote yaliniponyoka. Nilibaki na yale maneno ya bwawani peke yake, nikayasema nikiwa nimelikumbatia birika, maji yakinimwagikia gauni.

"Anko Wekesa, ukituchoka, utaturudisha wapi?"

Kaka yake Anko aliinamisha uso. Mjomba alikohoa. Anko Wekesa alisimama. Chumba kilikuwa kifupi kwake, kichwa kilikaribia taa. Alizungumza nami, si na wao.

"Kuchoka nitachoka, Mwende. Nani hachoki? Mama yako atanichosha, na wewe utanichosha, na mimi nitawachosha. Lakini nitachokea hapa hapa. Sitaenda kuchokea kwingine."

Nje mafuta ya Mama Achieng yalikuwa yakichemka.

Nimelifikiria sana jibu hilo, hasa mwaka huu uliopita, alipokuwa amelala chumba cha mbele cha nyumba waliyojenga na mama, hawezi tena kushika kikombe hata kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka kweli. Mama alimlisha uji, akamgombeza kwa kuumwaga, naye akamtolea macho ya utundu. Tulimzika kwao, magharibi, wakati wa mvua ya kwanza. Sijawahi kumwita baba kwa mdomo; ilikuwa Anko tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuwahi kudai kingine. Najuta kidogo, ila najua alijua.

Siku ile lakini nilikuwa bado nimesimama na birika. Mjomba aliniinamia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nyuma ya zile ndevu kulikuwa na mtu mwenye wasiwasi kama mimi. "Umesikia mwenyewe," akasema. "Haya, unasemaje?"

Nilitazama miguu ya Anko Wekesa. Viatu vilikuwa vimepigwa kiwi, lakini tope la Kabiria lilikuwa limevipanda hadi kwenye kamba.

"Mimi nimekubali," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubeba jambo lile peke yangu, nikaongeza, "Lakini mama hamjamuuliza. Muulizeni na yeye."

Wanaume watatu waligeuka kuliangalia pazia. Likasogea, na mama akatokea ameshika kitambaa cha vyombo, macho yamemwiva. Hakumtazama kaka yake wala yule anayetaka kumwoa. Alinitazama mimi.

"Mimi nilimaliza kuamua kitambo, Mwende," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."